Mwaka Niliokanyaga Migongo

Hitima ya Mama Mkubwa ilisomwa vizuri, wali ukaiva vizuri, na mimi nikashindwa kuinuka. Tangu asubuhi nilikuwa nimeketi mkekani uwani na wanawake wenzangu, tunachambua mchele, tunamenya vitunguu, tunasengenya kwa adabu kama inavyofaa msibani. Ulipofika wakati wa kupakua wote wakasimama, mimi nikabaki. Kiuno kilikuwa kimejifunga. Si maumivu ya kumliza mtu, hapana. Ni kama mtu amekuja kwa nyuma, akafunga kitasa, akaondoka na ufunguo. Nikajifanya bado natafuta mawe kwenye ungo, ingawa mchele ulikuwa umeshaiva na ungo ulikuwa mtupu. Bi Chausiku, jirani yetu wa miaka yote, ambaye sasa hana meno ya mbele lakini ulimi wake haujapungua hata kidogo, akaniona. “Zaituni,” akasema, “hebu tuambie. Mkanyagaji wa mji mzima, yeye anakanyagwa na nani?” Wanawake wakacheka, wakanishika makwapa huku na huku, wakaniinua kama gunia la chumvi. Nikacheka nao. Mtu ukishindwa kuinuka huna la kufanya ila kucheka.

Wasichana waliokuwa wakipakua hawakuelewa kicheko kile kilitoka wapi. Mmoja wao, mjukuu wa Rukia, yaani wa yule binti wa kuzaa wa Mama Mkubwa, akanifuata nilipolazwa kwenye kitanda cha kamba akaniwekea simu mbele ya macho. Humo mlikuwa na bwana mmoja wa Dar aliyevaa koti jeupe, amemlaza mtu ubavuni, akamkumbatia kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, kisha akamkunja ghafla na mgongo ukalia ko-ko-ko kama mtu anavunja kuni. Halafu akamshika shingo, akaizungusha, ikalia tena. Yule mgonjwa akainuka anatabasamu. “Bibi, tukupeleke Dar ukavunjwe,” akasema yule binti. Nikamwambia mimi nikienda Dar nitakuwa nimeshavunjika njiani, haina haja ya kumsumbua daktari wa watu. Lakini niliitazama ile video mara ya pili, na ya tatu. Nilikuwa natazama mikono ya yule bwana. Ilikuwa inajua inakokwenda. Miguu yangu haikuwahi kujua inakokwenda, na kwa mwaka mzima watu walikuja kulala chini yake.

Mwaka huo ni ule niliomaliza kidato cha nne. Nilikuwa nimekaa nyumbani nasubiri matokeo, na yalipotoka yalikuwa matokeo ambayo katika nyumba yetu hayakutajwa tena, kama jina la mtu aliyekimbia deni. Nikaendelea kukaa. Kukaa nilikujua. Wenzangu walikwenda ufukweni, walikwenda kutazama mpira, walikwenda Dar kwa visingizio vya kushona nguo. Mimi nilikuwa mtu wa ndani. Nyumba ya Mama Mkubwa ilinitosha: baraza ya mbele ambako sikukaa kwa sababu watu hupita na kukusalimu, ukumbi mrefu wenye giza la baridi, vyumba viwili kila upande, na uwani kwenye jiko, kisima na marundo ya majani ya mnazi. Nilijua saa kwa harufu. Mchaichai ukichemka ilikuwa asubuhi. Nazi ikikunwa ilikuwa inakaribia adhuhuri. Papa akikaangwa, majirani walikuwa wamekwisha kujua tunakula nini na wameshaanza kukumbuka shida zao za kuja kusema na Mama Mkubwa.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, nalo nitalieleza haraka. Kwetu watu husema mtoto akizaliwa ametanguliza miguu badala ya kichwa, basi miguu ile ina dawa. Aliyeshikwa na kiuno hulala kifudifudi, mtu huyo humkanyaga, na maumivu hutoka. Hasomei. Ni kitu cha kuzaliwa nacho, kama umbo la pua. Mimi na Rukia tulizaliwa Fukayosi, nyumba moja, mwezi mmoja, mikononi mwa mkunga mmoja, na yule mkunga alitangaza kijiji kizima kwamba mmoja wa watoto wale wawili alikuja kwa miguu. Mama yangu hakuishi sana baada ya hapo, na mkunga naye akafuata, kwa hiyo aliyebaki anajua ni mtoto gani alikuwa Mama Mkubwa peke yake, dada yake mama. Nilipohamia kwake Bagamoyo na wanawake wa mtaa wakauliza, alininyooshea kidole mimi. “Huyo,” akasema. “Alikuja anatembea.”

Bi Chausiku ndiye aliyeanza. Wakati ule alikuwa mwanamke wa makamo, anauza vitumbua barazani kwake, anainamia kikaango tangu kabla ya jua, na kiuno kilikuwa kimemkamata akatembea kama kaa, kwa ubavu. Mama Mkubwa akatandika mkeka ukumbini, akanifungia kamba kwenye boriti ili nijishikilie, akaniosha miguu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akanipaka mafuta ya nazi visiginoni. “Sema bismillahi, panda,” akaniambia. Nikapanda. Chini ya miguu yangu Bi Chausiku alikuwa laini mahali na mgumu mahali, kama godoro la sufi lililozeeka. “Panda yote, mwanangu,” akasema kwa sauti iliyozama ndani ya mkeka, “usiniogope, nimebeba wazito kuliko wewe.” Nikasogeza kisigino, kitu kikalia ko, nikataka kuruka chini. Yeye akavuta pumzi ndefu, akasema, “Alhamdulillahi.” Akainuka. Akatembea mbele. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umeshajua.

Wakaja. Wakaja wanawake wanaolima mwani, ambao huinama majini tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi. Wakaja wauza samaki wenye shingo zilizozama mabegani kwa ndoo. Akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye alisema haamini mambo haya, akalala kabla sijamaliza kumwitikia salamu. Hakuna aliyelipa, kwa sababu dawa ya kuzaliwa nayo hailipiwi, lakini hakuna aliyekuja mikono mitupu. Waliniletea mihogo ya nazi, boga, maandazi, vipande vya nguru. Mimi nikala. Sikuwa na kazi nyingine. Nikaanza kunenepa, na Bi Chausiku akasema ni vyema, dawa imeongezwa. Nilipoona haya nikasema labda watafute mtu mwepesi, akanijibu, “Mwepesi wa nini? Sisi tunataka kukanyagwa, hatutaki kupepewa.”

Kilichonifurahisha si migongo. Kilichonifurahisha ni maneno. Mtu akilala kifudifudi na hakuoni uso, husema. Nikiwa juu yao nimeshika kamba nilisikia habari za waume walioongeza mke Mlandizi, za wakwe wanaohesabu mayai, za mtoto aliyekwenda Dar akarudi na lafudhi. Mtu wa ndani hahitaji kutoka nje ikiwa nje inakuja kulala miguuni pake. Na nikiwa mkweli, nilijiona mtu. Mitihani ilinikataa kichwa, lakini miguu yangu ilikuwa inaombwa.

Mwaka huohuo watu wa Msata walikuja kumposa Rukia. Rukia alikuwa kila kitu ambacho mimi sikuwa: mwembamba, mchangamfu, anatembea kama mtu anayetarajiwa mahali. Kijana mwenyewe alikuwa na duka pale njia panda, panaposimama mabasi na malori, na watu wake walikuwa watu wazuri, waangalifu. Shangazi wa kijana alikaa ukumbini na Mama Mkubwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba, na sahani ya vitumbua mapajani. Baada ya salamu ndefu na habari za mvua, shangazi yule akakohoa kidogo. “Dada, samahani, nina swali la kizee. Tumesikia nyumba hii ina binti aliyetanguliza miguu.”

“Yupo,” akasema Mama Mkubwa.

“Siyo huyu tunayemtaka?”

“Siyo huyo. Ni binti wa marehemu mdogo wangu. Yumo ndani humo, anakula.”

“Ah, afadhali. Si kwa ubaya, dada. Unajua wazee wetu wanavyosema. Mke wa namna hiyo humkanyaga mume. Bwana hainui kichwa nyumbani kwake.”

“Nawe hutaki kijana wako akanyagwe.”

“Kijana wangu mwenyewe ameshazaliwa bapa, dada, akikanyagwa tena hataonekana.”

Wakacheka wote wawili, na mimi nyuma ya pazia nikacheka kwa mdomo uliojaa. Nilisikia nimetajwa na wageni wa kutoka Msata. Niliona ni sifa. Nakumbuka hata kitumbua kilivyokuwa, kimeungua kidogo pembeni, kina iliki nyingi.

Mgongo wa Mama Mkubwa ulianza kama utani. Yeye alikuwa mshonaji wa makuti. Mahoteli ya ufukweni yalikuwa yanataka makuti kila siku, nayo hushonwa chini: unakaa umenyoosha miguu mchangani, ufito mapajani, unakunja jani la mnazi juu yake na kulishona, unakunja jingine, na mgongo umeupinda kama ndoana. Kazi hiyo ameifanya tangu sijazaliwa. Siku moja aliinua mzigo wa makuti yaliyolowa kuyaweka mkokotenini, akasimama katikati, akasema “aa,” kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kitu. Akamaliza kuuweka. Jioni akala kidogo. Baada ya hapo kandambili yake ya kushoto ikaanza kumwacha. Alikuwa akitoka jikoni kwenda kisimani, yeye anafika, kandambili inabaki njiani, naye hana habari. Bi Chausiku akaiokota akaipunga hewani: “Bibi wee, kiatu chako kimekuomba talaka.” Tulicheka sana. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiokota kila mara na kumvisha, na siku moja nilipomvisha nikamfinya kidole gumba cha mguu, kwa mchezo tu. Aliendelea kuongea na mtu mwingine. Nikamfinya kwa nguvu zaidi. Hakugeuka.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda jikoni nikakuna nazi ambayo haikuhitajika.

Harusi ilikuwa imepangwa baada ya mfungo. Mama Mkubwa alikuwa na jambo moja tu moyoni, alilisema asubuhi na jioni: kwamba siku ile atasimama kwa miguu yake barazani awapokee watu wa Msata, na atamsindikiza binti yake kwa miguu yake mpaka kwenye gari. Watu wakimwona anaburuta mguu watasema ugonjwa uko katika mifupa ya ukoo, na mchumba atakuwa na mashaka na watoto atakaowapata. “Nikishamtoa,” akasema, “mguu huu uende unakotaka.” Kwa hiyo akalala mkekani, akaniita. Nikaoshwa miguu na Rukia, nikashika kamba, nikapanda juu ya mgongo uliokuwa umenibeba nikiwa mtoto. Nilimkanyaga kwa nia yangu yote. “Vipi, Mama Mkubwa?” nikauliza. Akasema, “Afadhali.” Akainuka, akatembea, na kandambili ikabaki mkekani.

Tulikwenda hospitali kwa sababu Rukia alilia. Akatupokea kijana wa mazoezi ya viungo, mpole, mwenye koti lililombana mabega, mezani kwake ana uti wa mgongo wa plastiki. “Shikamoo, mama,” akasema. Akamgonga magoti kwa kinyundo, akamwambia anyanyue kidole gumba. Kidole hakikunyanyuka. Mama Mkubwa alikitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani mkaidi. Kijana akachukua ule uti wa plastiki akatuonyesha. “Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini, mama, kama nyama ya dafu. Chako kimetoka mahali pake, kinabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo maana kiatu kinadondoka nawe husikii. Kuna mtu anakukanda?”

“Hanikandi. Ananikanyaga.”

“Nani?”

Mama Mkubwa akanionyesha kwa kidevu. Yule kijana akanitazama, akaanza na miguu, akapanda taratibu, na safari ilikuwa ndefu. “Dada,” akasema, “kwa heshima zote, acha.”

Akasema asibebe kitu kizito. Akasema asikae chini; makuti ashone ameketi kwenye kiti, na kazi iwe mezani. “Mwanangu,” akasema Mama Mkubwa, “umewahi kuona makuti yakishonwa mezani?” Kijana akafikiri. “Sijawahi, mama.” “Haya basi.” Wakatabasamu, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Akamfundisha mazoezi ya kulala chali na kukunja magoti, na akasema mguu ukizidi kulegea asingoje, apelekwe hospitali kubwa Dar, huenda wakapasua. Mama Mkubwa akasema inshallah, baada ya harusi. Mazoezi aliyafanya siku moja. Bi Chausiku alichungulia dirishani akamkuta chali, magoti juu, anavuta pumzi kama alivyoagizwa, akauliza kama aite mkunga. Mama Mkubwa akajifunika kanga, na huo ukawa mwisho wa mazoezi.

Nilimwambia sitamkanyaga tena. “Kijana yule amesomea,” nikasema.

“Yeye amesomea, wewe umezaliwa nayo,” akajibu. “Panda.”

Nilipanda, lakini kuanzia siku ile nilijining'iniza kwenye kamba. Uzito wangu wote, na haukuwa mdogo, niliuweka mikononi, mpaka viganja vikachubuka, na miguu yangu ikawa inamgusa ngozi tu, kama mtu anayejaribu joto la maji. Yeye alikuwa chini anasubiri, mimi niko juu nabembea. Nikisema “Vipi?” anasema “Afadhali.” Mfungo wote tulifanya hivyo baada ya kufuturu, tumbo limejaa uji na tambi, ukumbi unanuka iliki. Nilijua hapati nafuu. Sikujua kwamba naye anajua. Nilidhani ninamdanganya peke yangu.

Asubuhi ya harusi nyumba ilijaa. Wanawake wa Msata walikuwa wameketi ukumbini wanaimba, sisi tulikuwa chumbani kwa Mama Mkubwa, mlango umefungwa: yeye, mimi na Rukia mwenye hina mpaka magotini. Nilikuwa nimepiga magoti namfunga ile kandambili. Tulikuwa tumechana kipande cha kanga, napitisha chini ya soli, nazungusha kifundoni, nafunga, na buibui lingeficha yote. Rukia alikuwa akilia tangu alfajiri, na sisi wote tuliona ni kilio cha bibi harusi. Mara akasema, “Mama, lala. Nikukanyage mimi.”

“Hapana.”

“Mara moja tu, mama.”

“Nimesema wewe hapana.” Hakuinua sauti. Ukumbini walikuwa wanapiga vigelegele. “Mwenye kazi yake yupo hapa.” Akaniwekea mkono kichwani. “Kaza, Zaituni.”

Nikakaza. Na nitasema jinsi nilivyojisikia, kwani habari hii haina maana nisiposema: nilijisikia vizuri. Mwanawe wa kumzaa alikataliwa, mimi nikawekewa mkono kichwani. Nilimtazama Rukia kwa huruma ya mtu mwenye mali.

Akatoka. Akasimama barazani, akaitikia shikamoo za watu wote wa Msata, akacheka na yule shangazi, akamshika Rukia mkono akamsindikiza mpaka kwenye gari. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua kwa hatua, macho yangu chini, sikuona harusi, niliona kisigino. Kandambili haikumwacha. Gari lilipoondoka alirudi ndani kwa kushika ukuta, akakaa kitandani, akasema, “Fungua.” Kanga ilikuwa imemkata. Mguu ulikuwa umevimba, una alama nyekundu kama bangili, na damu kidogo ilikuwa imekauka. “Inauma?” nikauliza. “Sisikii kitu,” akasema. “Nipe chai.”

Hakwenda Dar. Baada ya harusi ilikuwa baada ya mvua, baada ya mvua ilikuwa baada ya Rukia kujifungua, na mwisho mguu wenyewe ukazoea kuwa hivyo na sisi tukazoea. Alitembea kwa fimbo maisha yake yote. Makuti alishona, chini, miguu ameinyoosha, na mizigo nikabeba mimi, ndipo nadhani kiuno hiki nilipokipata. Niliacha kukanyaga watu. Walipobisha nilisema naumwa. Wachumba nao hawakubisha, na sikushangaa. Nilijua mimi ni mnene, mvivu, na mtu wa ndani, na nani atamposa mtu asiyeonekana barazani? Niliolewa nywele zimeshaanza mvi, na mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, fundi wa mashine za boti Mbegani, ambaye alikuja na mgongo wake mbovu na akanieleza waziwazi: “Mimi nimeshakanyagwa na dunia, Zaituni. Wewe hutaniongezea kitu.” Nilimpenda kwa neno hilo. Sikuuliza kwa nini alilitumia.

Basi siku ya hitima, alasiri, wageni wametawanyika, mimi na Rukia tulikuwa chumbani kwa mama yake tunapanga nguo. Mimi nimeegemea ukuta, yeye amekaa kitandani amevua viatu. Rukia si mwembamba tena. Amesimama dukani Msata umri wake wote, na sasa visigino vyake vinamtesa. Asubuhi, anasema, hatua ya kwanza ni kama kukanyaga kaa la moto. Amekatazwa kutembea pekupeku. Ana makubadhi mazito yenye soli kama mkate wa mofa, na mume wake humtania kwamba ameoa askari. Alikuwa anakunja kanga moja, akaikunjua, akaikunja tena.

“Zaituni,” akasema, “si wewe.”

“Si mimi nini?”

“Aliyetanguliza miguu. Ni mimi.”

Nilikuwa nimeshika sidiria ya marehemu. Nikaiweka juu ya rundo la sidiria.

“Aliniambia asubuhi ile ya harusi, kabla hujaamka. Akaniapisha. Akasema nisije nikamkanyaga mtu yeyote huko niendako, hata kwa mchezo, watu wa Msata wasije wakajua. Nikamwuliza, na Zaituni je? Hawatamposa. Akasema…”

“Sema tu.”

“Akasema, Zaituni mtu wa ndani yule. Hatajali.”

Uwani mtu alikuwa anasugua masufuria kwa mchanga. Nilisikiliza sauti ile mpaka ikaisha sufuria moja. Maisha yangu yote nimejitania mwenyewe kwa neno hilo, mtu wa ndani, kabla mwingine hajanitania, na sikujua lilikuwa limeshatumika. Nikatafuta hasira. Ilikuwepo, lakini haikuwa na pa kutua. Nimkasirikie nani? Mwanamke aliyekuwa na dawa aliyoizaa mwenyewe, akalala kifudifudi mfungo mzima chini ya miguu isiyo na kitu, akijua, na kila nilipouliza akanijibu afadhali? Alimwachia bintiye mume, akauacha mguu. Yule kijana wa mazoezi angesema haya yote ni upuuzi, nyama ya dafu haijui nani alitanguliza nini, na mimi mchana humwamini kabisa. Lakini nilifikiri: kama asubuhi ile angesema ndiyo, mara moja tu? Swali hilo halina wa kulijibu. Aliyekuwa na jibu tumemsomea hitima.

“Na mumeo,” nikauliza, “umemkanyaga?”

Rukia akafuta macho. “Mpaka leo anajichemshia chai mwenyewe. Yeye anadhani ni tabia yake.”

Tukacheka, cheko la kukata pumzi, mpaka kiuno kikanishika tena nikabaki nimepinda. Rukia akanitazama nilivyopinda. Akautoa mkeka nyuma ya mlango, ule ule uliopauka katikati, akautandika sakafuni.

“Umekatazwa pekupeku,” nikamwambia.

“Wewe si sakafu.”

Kulala kulinichukua muda na maneno mengi. Kamba ya boriti ya ukumbini ilishaoza zamani, akashika nguzo ya kitanda. Nilimsikia anasema bismillahi kwa sauti ndogo, kisha kisigino kimoja, kisha cha pili. Miguu iliyokuwa imefichwa muda wote ule ilikuwa ya moto, na ilitetemeka. Alikuwa anaumia yeye kuliko mimi, na bado akasukuma, akatafuta, akarudi, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha giza. Nilisubiri. Mkeka ulinuka mafuta ya nazi na vumbi, na nikaona, kwa karibu, kile alichokuwa akikiona Mama Mkubwa kila siku ya mfungo ule: ukili, mistari ya ukili, na ncha ya kidole cha mtu anayejitahidi.

Kitasa cha kiuno hakikufunguka.

“Vipi?” akauliza huko juu, na sauti haikuwa ya bibi wa wajukuu, ilikuwa yangu ya mwaka ule.

“Afadhali,” nikasema.